Mpangaji asiyelipa katika nyumba ya mirathi

Miongoni mwa mashauri yanayofika mbele ya kamati za misikiti yetu, hapa Mhezi na kwingineko katika milima ya Upare, lipo moja linalojirudia. Nyumba aliyoiacha marehemu imepangishwa, mpangaji halipi kodi, na akidaiwa huuliza: "Nimlipe nani?" Nyumba haina hati, makubaliano yalikuwa ya mdomo, na warithi wametawanyika Same, Tanga na Dar es Salaam. Mjane aliyeitegemea kodi hiyo kwa unga na sare za watoto hukaa miezi mikono mitupu.

Baadhi ya ndugu huona njia fupi ni kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kuezua bati. Tunasema wazi kwamba njia hiyo ni dhulma. Ijara ni mkataba, hata ukifungwa kwa maneno, na anayemtupia mwenziwe vyombo nje huja kuulizwa juu ya kila kilichopotea au kuharibika. Mdai hugeuka mdaiwa.

Kukosa hati hakuiondoi haki ya wenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi, iwe imetolewa hati au haikutolewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo inakubali upangaji usiozidi mwaka mmoja ufanywe kwa mdomo, wala hauhitaji kusajiliwa. Hivyo mpangaji hapati kinga katika karatasi isiyokuwepo. Kinga yake ni kutokuelewana kwetu sisi warithi.

Nani mwenye kauli

Hatua ya kwanza, basi, si notisi bali ni kikao cha ukoo. Warithi wapendekeze msimamizi wa mirathi, waandike muhtasari na kwenda Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe rasmi. Huyo ndiye atakayedai kwa niaba ya wote, na swali la mpangaji litakuwa limejibiwa. Naye akumbuke kwamba kodi si yake peke yake. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni, yaani sehemu 1 ya 8, na mayatima wana mafungu yao.

Kudai kwa uadilifu

Msimamizi aitazame kwanza hali ya mdaiwa. Suratul Baqara, aya ya 280, inatuelekeza kumpa muda mwenye dhiki, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni anadhulumu. Kibarua aliyevunjika mguu si sawa na mfanyabiashara ambaye duka lake limejaa bidhaa. Kusamehe ni sadaka, lakini mrithi mtu mzima husamehe fungu lake tu. Fungu la yatima hana ruhusa ya kuligawa.

Kisha deni liandikwe mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya sura hiyo inavyoagiza, na mpangaji apewe notisi ya maandishi. Akikaidi, shauri lipelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwemo wanawake 3, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, hupatanisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi, na hilo ndilo lenye uwezo wa kuamuru mpangaji aondoke.

Njia hii ni ndefu, na mjane huumia kila mwezi unaopita. Kwa hiyo tunawanasihi wazee wa koo: siku ya kuanua matanga, warithi wangali pamoja, achaguliwe msimamizi na iandikwe nani anakaa katika kila chumba, analipa kiasi gani, na amelipa hadi mwezi upi.