Kodi ya dau ilivyozivua klabu jezi

MASHABIKI wengi wakizungumzia fedha za klabu huishia kwenye usajili. Nani kaja, nani kaondoka, kalipwa ngapi. Ila kuna mechi nyingine inachezwa bungeni na benki, na matokeo yake yanaweza kuiacha klabu kubwa bila hela ya nauli. Gor Mahia na AFC Leopards wanalijua hilo vizuri.

Julai 2017 Everton ilitua Dar es Salaam. Wayne Rooney, ndiyo kwanza amerudi kutoka Manchester United, akatupia bao na Waingereza hao wakaichapa Gor Mahia 2-1. Nyuma ya shangwe ile kulikuwa na mkwanja wa SportPesa, kampuni ya kubeti iliyoanzia Kenya. Mwaka huo jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton, Simba, Yanga, Gor Mahia na Leopards kwa mpigo.

KODI YAPANDA, MDHAMINI ATOKA

Mwaka huohuo Kenya ikapitisha sheria ya kupandisha kodi ya kubeti kutoka asilimia 7.5 hadi 35 ya mapato ghafi, kuanzia Januari 2018. Serikali ilikuwa na hoja zake: vijana walikuwa wanazama kwenye mikeka, na hazina ilihitaji fedha. Kampuni nayo ikapiga hesabu zake. Mwaka mpya ulipoanza tu, ikafuta udhamini wa michezo Kenya. Baadaye kodi ikashushwa hadi asilimia 15, na mkwanja ukarudi.

Raha haikudumu. Julai 7, 2019 Everton ilikuwa Kasarani, Nairobi, ikitoka sare na Kariobangi Sharks kabla ya kulala kwa penalti. Mwezi huohuo kampuni kadhaa za kubeti, SportPesa ikiwamo, zilikwama kwenye leseni. Agosti udhamini ukafutwa tena. Septemba, baada ya wabunge kuidhinisha ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau, SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya.

Hesabu yenyewe haihitaji mhasibu. Mtu alipoweka Sh100, Sh20 zilikwenda serikalini kabla mpira haujaanza. Kampuni ikiona hivyo, kitu cha kwanza kukata ni matangazo. Na kwa kampuni, jezi ya klabu ni tangazo, hata kama kwa shabiki ni damu.

Februari 2020 Everton nayo ikatangaza kuachana na kampuni hiyo kabla mkataba haujaisha. Tofauti ni kwamba Everton ilikuwa na fedha za televisheni za Ligi Kuu England, na miezi michache baadaye ikapata mdhamini mwingine. Gor na Leopards hawakuwa na mto wa kulalia. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakasaka pa kwenda.

KWA NINI SIMBA NA YANGA WALIPONA?

Kampuni ni ileile, lakini Tanzania ina kodi yake, sheria zake na soko lake. Hapa hesabu ilikubali, ikabaki. Mwaka 2022 Yanga ikaongeza miaka mitatu na SportPesa, Simba ikahamia M-Bet kwa miaka mitano. Hakuna aliyebaki kwa mapenzi. Kila upande ulifuata maslahi.

Na siyo kubeti tu. Sony Sugar, mabingwa wa Kenya mwaka 2006, walifukuzwa kwenye ligi msimu wa 2019/20 baada ya kushindwa kutokea uwanjani mara tatu. Timu ilikuwa ya kiwanda, na viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya vilikuwa hoi kwa madeni, mitambo chakavu na ushindani wa sukari ya bei rahisi kutoka nje. Kiwanda kikikosa hela ya kumlipa mkulima, straika atalipwa na nani?

DOLA NAYO HAINA UTANI

Klabu inayomlipa mchezaji wa kigeni kwa dola huku mdhamini akiilipa kwa shilingi ina mtihani wa aina yake. Mshahara wa dola 5,000 kwa mwezi, dola ikiwa Sh2,300, ni Sh11.5 milioni. Dola ikifika Sh2,600, kama ilivyokuwa katikati ya 2024, ni Sh13 milioni. Hakuna aliyeongezwa mshahara, lakini kwa mwaka klabu imetoa Sh18 milioni zaidi kwa mtu mmoja.

Bajeti za serikali husomwa Juni, kipindi kilekile viongozi wa klabu wanapokimbizana na mawakala. Kiongozi makini aisikilize kwanza ndipo asaini, na asiweke mayai yote kwa mdhamini mmoja. Mkataba wa miaka mitano unaweza kufutwa na asilimia moja iliyoongezwa mchana mmoja bungeni.