Kitufe cha "Sijui" Kilichoachwa Makusudi

Miradi mingi ya sayansi shirikishi humpoteza mgeni mlangoni. Anaambiwa ajisajili, athibitishe baruapepe, asome mwongozo wa kurasa kadhaa, kisha afanye jaribio. Anayevuka vikwazo vyote hivyo mara nyingi ni yule ambaye tangu mwanzo hakuuhitaji mwongozo. Baadaye waandaaji hulalamika kwamba watu hawapendi sayansi.

Mradi wa Snapshot Serengeti, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2012 kwenye jukwaa la Zooniverse, ulikwenda njia nyingine. Watafiti walikuwa wametega kamera 225 mbugani Serengeti, zinazopiga picha zenyewe kitu chenye joto kinapopita, na picha zikawazidi. Wakaomba msaada wa yeyote mwenye intaneti. Kujisajili hakukuwa lazima. Picha ilitokea, na pembeni palikuwa na orodha ya wanyama karibu 50. Usiyemjua jina ulimtafuta kwa anavyoonekana: pembe zimejipinda vipi, ana mistari au madoa, mkia wake ukoje. Ukimdhania swala tomi kumbe ni granti, tazama makalio: weupe wa granti hupanda juu ya mkia, wa tomi huishia chini yake. Mgeni alijifunza hilo akiwa kazini, mnyama akiwa mbele yake.

Kitufe cha "sijui" hakikuwekwa. Unaweza kuona ni ukatili, lakini mtu akipewa pa kutokea hupita hapo hata kwa mnyama anayemfahamu nusu, na ile nusu inapotea. Akikisia, kisio lake lilibaki na kazi, kwa sababu halikuamua peke yake: picha moja ilipitiwa na watu wengi, hadi 25 wasipoafikiana. Jibu lililopatikana hivyo lilipolinganishwa na la wataalamu, lilikubaliana nalo kwa takriban asilimia 97. Kwa wanyama adimu makosa huongezeka, na hapo mtaalamu bado anahitajika.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kusema hakuna kitu. Kati ya seti za picha milioni 1.2 za miaka ya mwanzo, zilizokuwa na wanyama hazikufika 325,000. Nyingi ya zilizobaki ni nyasi zinazoyumba juani. Simba, pamoja na sifa zake zote, hakuzifikia kwa kupigwa picha. Kuzichambua picha hizo tupu hakukuhitaji shahada, na mgeni alitoa mchango wa kweli tangu picha ya kwanza.

Kilichosahaulika ni jirani wa mbuga. Mfugaji wa Loliondo anayemtambua tomi kwa mbali, kabla wewe hujatoa darubini, alikuta orodha yenye majina ya Kiingereza na picha zinazokula bando. Bando ni shida kubwa. Lakini kuandika nyumbu, pofu, nyamera na wenzao kwenye orodha ile kungekuwa kazi ya alasiri moja.