Ukifika Nyeri, Usile na Kuondoka Tu

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii hunijia kila Ijumaa jioni nipitapo karibu na steji ya matatu mjini Nyeri, nikawaona wanafunzi wa vyuo wakigombania viti vya gari za Nairobi, mikoba mgongoni. Ukiwauliza kisa na maana, watakujibu kwamba Nyeri hakuna la kuona wala la kula. Wale wanaosalia nao hujifungia mabwenini hadi Jumatatu. Mimi niliyefundisha katika sehemu hizi kwa miaka mingi nasema, tena kwa kinywa kipana, kwamba wamekosea. Hata hivyo sitawalaumu wao pekee, kwani sisi walimu ndio tuliowazoesha hivyo.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Hapo amelazwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyeishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe la kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, ishara ambayo skauti huiacha njiani kumaanisha kwamba amekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe, Olave, aliyefariki mwaka 1977, yamezikwa papo hapo. Hatua chache kutoka hapo amezikwa Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba-milia wala-watu kule India, aliyefariki mjini Nyeri mwaka 1955.

Niliyaeleza hayo yote kwa ufasaha, nikajisifu moyoni. Ndipo msichana mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, na kaburi la Kimathi liko wapi?" Nilikohoa. Nikamwambia tungelizungumzia darasani. Hatukulizungumzia kamwe.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba yeyote atakayeniuliza namna ya kuutumia mwisho wa juma Nyeri, sitamtajia hoteli na mandhari peke yake. Hebu basi niwaongoze, enyi walimu wenzangu nanyi wanafunzi, jinsi ambavyo ningewaongoza wanangu.

Jumamosi anzeni kwa kifungua kinywa cha wenyeji. Achaneni na mkate na soseji. Ingieni katika hoteli ndogo ambamo sufuria la chai ya maziwa halitoki jikoni, mwagize nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa. Asubuhi za Nyeri zina baridi kali, hasa mwezi wa Julai, na nduma moto na kikombe cha chai humtia mtu nguvu ya kutembea hadi adhuhuri. Ikiwa mbingu ni safi, tazameni upande wa mashariki kabla mawingu hayajafunga. Mtaona kilele cha Kirinyaga, mlima wenye urefu wa mita 5,199, ambao wazee waliuelekea walipomwomba Mungu.

Kutoka hapo nendeni katikati ya mji mkauone mnara wa mawe uliojengwa kwa ukumbusho wa Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru kati ya mwaka 1951 na 1957. Maelfu ya watu huupita kila siku wakikimbilia shughuli zao bila kuugeukia. Simameni hapo dakika tano. Kisha shukeni hadi Ruring'u, ambako jengo la iliyokuwa mahakama ya Waafrika siku za ukoloni sasa ni makumbusho. Uwanja wa michezo wa Ruring'u nao si wa kandanda tu. Ni hapo ambapo wapiganaji wa Mau Mau walijitokeza kutoka msituni Disemba 1963 na kuweka silaha chini, baada ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Kufikia hapo tumbo litaanza kudai haki yake. Chakula cha mchana katika sehemu hizi ni githeri, mukimo au nyama. Mukimo mzuri hupondwa kwa viazi, mahindi mabichi na majani ya maboga hadi ukawa wa kijani kibichi, na huliwa na mchuzi wa nyama ya mbuzi. Mkibahatika mtapata njahi, kunde nyeusi ambazo aliyejifungua hupikiwa ili arudishe damu na maziwa. Jioni, penye moshi wa makaa kandokando ya barabara, hapakosi mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa na kukatwa vipande juu ya ubao, chumvi pembeni. Nawausia jambo moja: kaeni mahali ambapo mpishi huonana na mlaji. Mama anayewapakulia, ama mzee mliyeketi naye benchi moja, huenda anajua habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha shule. Mwamkieni kwa adabu, mmuulize alikozaliwa. Mengine yatafuata yenyewe.

Walio na nafasi ya kwenda mbali kidogo wasikose soko la Karatina siku ya Jumamosi. Hilo ni miongoni mwa masoko makubwa mno katika nchi yetu, na mwanafunzi wa uchumi atajifunza zaidi kwa kumwangalia mchuuzi wa viazi akipatana bei kuliko kwa kukariri nadharia. Mbele zaidi, kabla ya kuingia Nanyuki, mtaupita mstari wa Ikweta. Hapo vijana watawaonyesha maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine kusini, ndani ya beseni lenye tundu. Cheko lenu halitawagharimu kitu, ila msiamini. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyaelekeza maji machache kama hayo, tena kwa hatua chache tu kutoka Ikweta. Huyazungusha ni mkono wa anayemimina. Nimeona walimu wa fizikia wakiondoka hapo wamekubali, nikasikitika.

Jumapili iwe siku ya utulivu. Pandeni hadi Mathari, mkaone kanisa la ukumbusho la Waitalia. Ndani yake amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Italia Afrika Mashariki dhidi ya Waingereza. Alishindwa, akatekwa, akafia Nairobi mwezi wa Machi 1942 angali mateka. Waliokuwa adui zake hawakumnyima kaburi. Amelazwa pamoja na askari wake, jina lake limeandikwa, na jamaa wa marehemu hao waweza kuwawekea maua.

Kutoka hapo tafuteni gari la Ihururu, katika eneo la Tetu. Huku ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, katika kijiji cha Ihithe, mwaka 1940, mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Huku pia, mahali paitwapo Kahiga-ini, ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, ndiko Dedan Kimathi alikopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifo hapa hapa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa huko huko gerezani, pasipo alama.

Sasa naweza kumjibu yule msichana. Kimathi hana kaburi ambalo mtu aweza kulitembelea. Ana barabara jijini Nairobi, ana sanamu iliyozinduliwa mwaka 2007, ana chuo kikuu kizima kilichopata hati yake mwaka 2012, hapa hapa Nyeri. Lakini mjane wake, Mukami, aliyeomba miaka na mikaka apewe mabaki ya mumewe ayazike, alifariki mwezi wa Mei 2023 bila kuyapata.

Simwonei kijicho Baden-Powell wala yule Mwitalia. Kaburi lililotunzwa ni jambo jema, na ningependa wageni wazidi kuja kuyaona. Ninalolisema ni kwamba katika mji mmoja, kwa siku mbili za mwisho wa juma, mwanafunzi aweza kuona kwa macho yake ni nani aliyekumbukwa na ni nani aliyefichwa, kisha akajiuliza kwa nini. Hilo ni somo ambalo mimi nililikimbia nilipoulizwa na mtoto. Ningalikuwa nimeketi benchi moja na wazee wa Ihururu kabla ya siku ile, nisingalikohoa.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, mnapopanga ziara ya muhula ujao, msiishie kwenye kaburi moja na chupa ya soda. Nanyi wanafunzi mnaosoma katika chuo kilichobeba jina la Kimathi, mwacheni dereva wa Nairobi aondoke Ijumaa moja bila ninyi. Kuleni mukimo, mtembee hadi Kahiga-ini, mwasikilize wazee wangali hai. Mkirudi darasani Jumatatu, mwulizeni mwalimu wenu swali lile lile. Akikohoa, msimwachilie.