UZI: “Kwa heshima zote…” Neno la heshima linapofunga swali

1/ Juzi niliangalia mdahalo wa runinga nikahesabu: “kwa heshima zote” ilisemwa mara kumi na moja. Karibu kila ikisemwa, nyuma yake lilikuja dongo. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mzaliwa wa Lamu. Uzi huu ni kuhusu maneno ya heshima kwenye siasa: yametoka wapi, na yanafungaje maswali. Simtaji mwanasiasa wala chama. Tuanze 👇

2/ Kauli yenyewe tumeiazima. Ni “with all due respect” ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Wanasheria wa Uingereza wana utani wao juu yake. Ukiambiwa “kwa heshima”, maana yake umekosea. “Kwa heshima kubwa”, umekosea vibaya. “Kwa heshima kubwa kabisa”, hujui hata unalosema. Yaani heshima ikizidi, jiandae.

3/ Mtindo huu una sababu. Katika Bunge la London, wabunge hawaitani majina wakichangia, na ni mwiko kumwita mwenzako mwongo. Mwaka 1906 naibu waziri mmoja alisema kuwa neno “utumwa” halifai kwa jambo lililojadiliwa, kwani kulitumia kungekuwa na kasoro ya usahihi wa istilahi. Tangu hapo ikawa njia ya kumwambia mtu “uongo” bila kulitamka neno lenyewe.

4/ Kenya tukarithi: “Mheshimiwa Spika”, “hoja ya nidhamu”, “ondoa kauli hiyo na uombe radhi”. Na tusidanganyane, ndani ya Bunge mtindo huo unasaidia. Pande zote zimechaguliwa, zote zina kipaza sauti, na kuna Spika wa kuamua. Heshima inakwenda na kurudi.

5/ Shida yaanza mtindo huo ukipanda boti ukaja visiwani. Kwenye mkutano wa hadhara mgeni rasmi yuko chini ya hema na kipaza sauti anacho yeye. Mvuvi amesimama juani. Spika hayupo. Neno lililotengenezwa kwa watu walio sawa sasa linatumiwa na mmoja tu.

6/ Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye mkutano kama huo. Mzee mmoja mvuvi, sisi twamwita Ami, aliuliza: “Mkichimba mkondo ule, sisi tutavua wapi?” Akajibiwa: “Mzee wangu, kwa heshima na taadhima, hayo ni mambo ya wataalamu.” Makofi. Ami akakaa.

7/ Binti ami yangu akanyanyuka upande wetu wa wanawake: “Lakini Ami hajajibiwa.” Watu wakaguna. Sauti ikatoka mbele: “Huyu mtoto hana adabu.” Na mimi, niliyekuwa ubavuni pake, nikamvuta buibui akae. Nasema haya kwa sababu si viongozi peke yao wanaofunga maswali. Siku ile nami nilifunga.

8/ Sasa tuchambue. Kiswahili kina maneno matatu ambayo siasa inayachanganya.
Adabu: namna ya kusema na kukaa mbele za watu.
Staha: kumsitiri mtu asiaibike.
Heshima: kumtambua mtu kuwa ana thamani na anastahili kusikilizwa.
Pale mkutanoni binti ami alidaiwa adabu, mgeni rasmi akapewa staha, na Ami hakupata heshima. Alipata “mzee wangu” tu.

9/ Neno “mheshimiwa” nalo lichunguze. Ni la kutendwa: anayeheshimiwa. Wengine ndio wanaompa. Mtu akisimama akasema “mimi mheshimiwa wenu”, sarufi yenyewe inashangaa. Tanzania enzi za Ujamaa hata viongozi wakubwa waliitwa Ndugu, Mheshimiwa likashika kasi baadaye. Dola haikuporomoka kwa sababu kiongozi kaitwa Ndugu.

10/ Halafu kuna “nawavulia kofia”. Hili nalo ni la Ulaya, ambako mwanamume aliinua kofia kumsalimu mtu. Mzee wa Lamu huivaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono akienda msikitini, akienda harusini, akienda kumposea mwanawe. Kinachovuliwa mlangoni ni viatu. Kuazima msemo si dhambi. Lakini ukimsikia mtu akiwavulia kofia jukwaani, tazama kama viatu navyo amevua, yaani kama anajua kuwa hapo yeye ni mgeni na wenye nyumba ni nyinyi.

11/ Sheria yasemaje? Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 73, inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya umma. Ayatumie kwa namna inayoonyesha heshima kwa wananchi na inayoipa ofisi hadhi. Kazi yake ni kuwatumikia watu, si kuwatawala. Tazama mpangilio: heshima kwa wananchi imeandikwa kabla ya hadhi ya ofisi. Anayedai “heshimuni kiti” asome kuanzia juu.

12/ Na jambo hili lina uzito. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe hapa kwetu Lamu, Kwasasi, megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni kama hizo, likaifuta. Sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya utangulizi, iliyofanyika kabla watu hawajapewa matokeo ya utafiti wa athari, haikutosha. Kwa hivyo kukaribishana vizuri na kushirikishana ni vitu viwili.

13/ “Kwa hivyo sasa tutukane?” Hapana. Wahenga walisema heshima si utumwa, na hilo lakata pande zote mbili. Nenda Mkunguni mbele ya ngome usikilize wazee wakibishana siasa. Wanaitana Ami, Mwalimu, Ustadh, na bado mtu anaambiwa: “Ustadh, hapo umekosea, kwa sababu…” Ile “kwa sababu” ndiyo heshima yenyewe. Maana yake: nakuona una akili, nakupa hoja.

14/ Ukisikia neno la heshima kwenye mjadala, jiulize matatu:
a) Baada ya neno hilo, swali limejibiwa au limezikwa?
b) Anayedaiwa heshima ni nani: mwenye kipaza sauti au asiye nacho?
c) Je, mvuvi angeweza kumjibu kiongozi kwa maneno hayo hayo bila kuambiwa hana adabu?
Kama jibu la (c) ni hapana, hiyo si heshima. Ni cheo kinazungumza.

15/ Tuliporudi nyumbani siku ile nilimwomba radhi binti ami. Akaniambia: “Radhi nimepokea. Lakini swali la Ami bado.” Ni kweli, mpaka leo bado. Ndiyo maana nimeandika uzi huu.
Wewe umesikia kauli gani ya heshima iliyotumika kumkalisha mtu chini? Iandike hapa chini. Majina ya watu na vyama tuyaache, tuijadili kauli.