Kwa Nini Tope la Mto Sabaki Hufika Hadi Baharini

Mvua kubwa inaponyesha bara, bahari karibu na mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, hugeuka rangi ya kahawia. Tope hilo halitoki Kilifi pekee. Mto huu huanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, huitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha Sabaki unapokaribia pwani. Mbona basi tope lisizame njiani?

Jibu ni ukubwa wa chembe na msukosuko wa maji. Mwaka wa 1851, mwanahisabati George Gabriel Stokes alitoa kanuni ya kukokotoa kasi ya chembe ndogo inayozama: kipenyo kikipungua kwa nusu, kasi hubaki robo. Katika maji yaliyotulia, punje ya mchanga ya milimita 0.2 huzama mita 1 kwa muda usiozidi dakika 1. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huchukua takriban siku 3.

Mto nao hautulii. Maji yake hujizungusha, yakipanda na kushuka, na kila chembe ndogo inapoanza kuzama huinuliwa tena. Hakuna anayeweza kutabiri njia ya chembe moja. Kwa hivyo wataalamu hutumia kompyuta kufuatilia maelfu ya chembe za kuigiza. Kwa kila hatua, chembe husogezwa na mkondo, hushushwa na uzito wake, kisha husukumwa kwa kubahatisha, mfano wa kurusha dadu, ili kuwakilisha msukosuko. Njia ya kila chembe hutofautiana, lakini zote pamoja huonyesha tope litaenea wapi.

Baharini, upepo nao huingizwa katika hesabu. Wakati wa kusi, tope la Sabaki husukumwa kaskazini. Wakati wa kaskazi, huelekea kusini, upande wa Malindi na hifadhi yake ya baharini, iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Huko tope huzuia mwanga wa jua unaohitajika na matumbawe na nyasi za baharini, ambako samaki hulishia na kuzalia.

Hesabu hizi zina funzo moja kwa mkulima: udongo laini ukishaingia mtoni, ni vigumu kuuzuia. Mahali pa kuuzuia ni shambani, maji yakiwa bado machache na ya polepole. Matuta ya fanya juu husimamisha maji hadi yanywewe na ardhi, na udongo hubaki. Nyasi na miti kando ya mto hupunguza kasi ya maji yanayotiririka, na chembe nyingi hutua kabla ya kufika mtoni.

Wakazi wanaolima karibu na kingo za mito wanahimizwa kuacha ukanda wa mimea bila kuulima, na kukarabati matuta kabla ya mvua kuanza.