Galaksi ya Mzongo: Istilahi na Maelezo kwa Watoto Wadogo

Istilahi ya sayansi inapomfikia mtoto kwa mara ya kwanza humwekea picha akilini, na picha hiyo ikiwa potofu ni vigumu kuing'oa baadaye. Kwa sababu hiyo, mwalimu na mfasiri wa vitabu vya shule za msingi hawana budi kuyapima maneno wanapoeleza habari za galaksi.

Kwanza, galaksi isiitwe kundinyota. Kundinyota ni nyota zionekanazo kuwa jirani zikitazamwa kutoka duniani, ingawa huenda moja iko mbali mno nyuma ya nyingine. Galaksi ni mkusanyiko halisi wa nyota, gesi na vumbi, unaoshikamanishwa na nguvu ya uvutano. Galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100, na Jua ni moja tu miongoni mwao.

Pili, jina Njia ya Maziwa lina utata. Mtoto aliyefundishwa habari za Maziwa Makuu aweza kudhani kuwa yanayotajwa ni Tanganyika na Nyasa. Jina Njia Nyeupe huondoa utata huo, tena hulingana na ukanda mweupe anaouona angani usiku wa giza.

Tatu ni umbo. Mwaka 1845 Lord Rosse wa Ireland aliona kwa darubini yake kubwa umbo lililojizungusha katika galaksi iitwayo M51. Neno parafujo laweza kumjia mfasiri upesi, lakini halifai: nyuzi za parafujo hupanda, ilhali galaksi ya aina hii ni bapa. Njia Nyeupe ina upana wa miaka-nuru ipatayo 100,000, bali unene wa sahani yake ni kama 1,000 tu. (Mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.) Tunapendekeza neno mzongo, kutokana na kitenzi zonga. Mtoto aijua kamba iliyozongwa sakafuni, na ameona ukili ukishonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitovuni hadi ukawa kitanga.

Nne, mikono. Neno hili lakubalika, ila lisimfanye mtoto adhani kuwa nyota zimefungwa humo kama vidole. Kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa na C. C. Lin na Frank Shu mwaka 1964, mkono ni mahali pa msongamano, na nyota huingia na kutoka. Humo gesi hubanwa, nyota changa huzaliwa, na mkono hung'aa.

Basi mwalimu aweza kusema hivi: "Galaksi ya mzongo ni kama kitanga kikubwa sana cha nyota kinachozunguka polepole. Mikono yake ni kama mlango mwembamba wa soko: watu hupita wakaenda zao, lakini msongamano hubaki palepale. Sisi tumo ndani ya galaksi ya namna hiyo, mbali na kitovu chake."

Maelezo hayo ni mepesi, wala hayatamlazimu mtoto kuyakana atakapofika sekondari.