Desibeli za Antena: Mnunuzi Analipia Nini?

WANUNUZI wa antena za televisheni wamezoea kuuliza jambo moja tu dukani: ina desibeli ngapi? Muuzaji naye huonyesha boksi. Iliyoandikwa 36 huuzwa ghali kuliko iliyoandikwa 12, na mteja huondoka akiamini amepata nguvu mara tatu.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Zikiongezeka 3, nguvu huwa maradufu. Zikiongezeka 10, huwa mara kumi. Kati ya 12 na 36 kuna tofauti ya zaidi ya mara 250, na antena inayobebwa kwapani haiwezi kuitoa.

Sababu ni kwamba antena haizalishi nguvu yoyote. Hukusanya tu kile kilichopo na kukielekeza upande mmoja. Kandili huangaza chumba kizima. Tochi hupeleka mwanga wake wote mbele, na nyuma yake ni giza. Kiasi ambacho antena huongeza upande wa mbele ndicho mafundi hukiita geini. Jinsi inavyosikia au kutangaza kwa kila upande, mbele, nyuma na ubavuni, ndiyo umbo la mnururisho. Geini haipandi bila umbo hilo kuwa jembamba.

Antena ya miiba kama ya samaki, iliyoko juu ya mapaa mengi, ilibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926. Yenye urefu wa mita moja, katika masafa ya megahezi 600, hutoa karibu desibeli 11 au 12. Ili kufikisha 36 katika masafa hayo lingehitajika dishi la kipenyo cha zaidi ya mita 13. Kwa hiyo 36 ya kwenye boksi hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye busta iliyofungwa ndani, na namba yake hujumlishwa na ya antena.

Busta si bidhaa mbaya, ila hukuza mawimbi pamoja na kelele zake. Kazi yake halali ni kufidia waya. Mita 20 za waya wa RG-6 hula karibu desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, hivyo busta inafaa ikae juu kwenye mlingoti, si nyuma ya televisheni. Karibu na mtambo wa kurushia matangazo inaweza hata kuzidisha nguvu na kuvuruga king'amuzi.

Zamani za analojia chenga zilimwonya mwenye nyumba mapema. Tangu mitambo hiyo ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, picha ipo safi au inaganda.

Mnunuzi aangalie pia herufi zinazofuata namba. dBi hulinganisha antena na nukta ya kufikirika inayotangaza sawa pande zote. dBd huilinganisha na antena halisi ya fito mbili. Tofauti yake ni 2.15, hivyo 10 dBd inaishinda kidogo 12 dBi. Isiyo na herufi yoyote inamwachia muuzaji uhuru mkubwa mno.

Wala kubwa si bora kila mahali. Antena ya desibeli 12 husikia vizuri ndani ya pembe ya nyuzi 40 na kitu. Upepo ukiuzungusha mlingoti, picha imekwenda. Anayepokea kutoka mitambo miwili iliyo pande tofauti atafaidika zaidi na yenye geini ndogo.

Kosa hilo lina hatari zaidi baharini. Antena ya redio ya boti husimama wima, na geini yake hupatikana kwa kulibana wimbi liwe bapa kama chapati kuzunguka boti. Ya desibeli 9 hufaa vyombo vikubwa vilivyotulia, 6 boti za injini, na 3 mashua za tanga. Mwenye chombo kidogo cha kuvukia Unguja akiuziwa ya 9, chombo kinapolala kwenye wimbi chapati ile huelekea majini upande mmoja na mawinguni upande mwingine, na wito wake katika chaneli ya 16 hukatika-katika bahari inapochafuka.